Serikali Nayo Ipige Hodi

Hotuba juu ya mipaka ambayo Katiba imewawekea polisi katika kupekua nyumba na kutwaa mali ya raia, iliyotolewa mbele ya mkutano wa elimu ya uraia



Tunawashukuru kwa kutualika tuzungumze nanyi juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifikiria linapokwisha kutufika, yaani siku polisi wanapobisha mlangoni, au wanapoingia bila kubisha. Tumeombwa tueleze Katiba inasema nini juu ya upekuzi na juu ya mali inayochukuliwa katika upekuzi. Tutaeleza kwa lugha ya kawaida, maana sheria hii haikuandikwa kwa ajili ya mawakili. Iliandikwa kwa ajili ya mtu aliyelala nyumbani kwake.

Tuanze na desturi ambayo kila mmoja wetu alifunzwa utotoni. Mtu afikapo kwa mwenzake hupiga hodi. Asipoitikiwa hupiga tena, na mara ya tatu akiona kimya hurudi alikotoka. Akikaribishwa hukaa pale alipoonyeshwa. Hakimbilii chumba cha kulala wala hafunui vyungu vya watu. Desturi hii humfunga jirani, shemeji, mgeni, na hata mdai aliyekuja kudai haki yake. Swali letu la leo ni hili: je, serikali nayo yapaswa kupiga hodi? Katiba inajibu kwamba yapaswa, na hodi ya serikali ina jina lake. Huitwa hati ya upekuzi, nayo hutolewa na mahakama.

Lakini tungependa mwondoke hapa na jambo moja zaidi ya hilo. Nchi yetu imekuwa na maneno mazuri ya kulinda mlango wa raia tangu siku ya uhuru, na bado milango ilivunjwa. Haki ya mlango huwa na nguvu pale tu ambapo aliyeuvunja hawezi kufaidika na alichokikuta ndani. Ili tulielewe hilo, hatuna budi kurudi nyuma, kwenye kesi ya Mkenya mmoja na risasi mbili.

Kesi ya risasi mbili

Katika miaka ya Hali ya Hatari, ambayo wakoloni waliitangaza tarehe 20 Oktoba 1952, mtu aitwaye Kuruma wa Kaniu, mfanyakazi wa shamba la Mzungu, alikuwa akiendesha baiskeli kwenda kwao siku yake ya mapumziko. Njiani akakuta kizuizi cha polisi. Akapekuliwa, na askari wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kuruma akakana kuwa na risasi. Kisu hakikuletwa mahakamani kama kielelezo, na watu wengine waliokuwapo wakati wa upekuzi hawakuitwa kutoa ushahidi. Kwa amri za wakati ule, kukutwa na risasi bila ruhusa lilikuwa kosa la kunyongwa. Kuruma akahukumiwa kifo.

Sasa sikilizeni vizuri. Amri hizo hizo za Hali ya Hatari, pamoja na ukali wake wote, zilikuwa zimeweka sharti moja dogo: afisa wa kumsimamisha na kumpekua mtu namna ile awe na cheo cha Inspekta Msaidizi au zaidi. Waliompekua Kuruma walikuwa chini ya cheo hicho. Kwa hiyo serikali ya kikoloni ilikuwa imevunja hata sheria yake yenyewe, iliyoitunga siku za vita. Mawakili wa Kuruma wakauliza: je, mahakama inaweza kumnyonga mtu kwa ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria?

Shauri lilifika London, mbele ya Baraza la Malkia, ambalo wakati huo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza. Hukumu ilitolewa Desemba 1954. Majaji walisema kwamba kinachotazamwa ni kama ushahidi unahusu kesi iliyopo. Ukihusu, utapokewa, na mahakama haiulizi ulipatikana kwa njia gani. Walikiri kwamba jaji anao uwezo wa kuukataa ushahidi ambao ungemwonea mshtakiwa, lakini hawakuona kwamba Kuruma alistahili kufaidika na uwezo huo. Walikiri pia kwamba katika kesi ile yamo mambo yaliyowatia wasiwasi, nao wakasema watamfahamisha Waziri wa Makoloni. Kisha wakaitupa rufaa.

Tafakarini ajabu yake. Katika nchi hiyo hiyo ya Uingereza, mwaka 1762, watumishi wa mfalme walivunja nyumba ya mwandishi John Entick kwa amri ya waziri, wakapekua kwa muda wa saa nne na kubeba karatasi zake. Entick akawashtaki, na mwaka 1765 mahakama ikaamua kwamba hakuna sheria inayompa waziri uwezo huo. Wakatakiwa kumlipa fidia. Mwingereza alilindiwa karatasi zake karibu miaka mia mbili kabla ya Mkenya kunyimwa ulinzi wa mfuko wa suruali yake. Na kanuni iliyotokana na mfuko huo ikawa mwongozo wa mahakama za Kenya na za nchi nyingine nyingi zilizokuwa chini ya Uingereza. Hivyo jina la Kuruma limesomwa na wanafunzi wa sheria kila pembe ya dunia, ilhali wengi wetu hapa tunalisikia leo kwa mara ya kwanza.

Mlango wa mbele na milango ya nyuma

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, tuliandikiwa Katiba yenye sura nzima ya haki za mtu. Katika Katiba ile, jinsi ilivyopangwa upya mwaka 1969, kinga ya upekuzi ilikuwa katika kifungu cha 76. Kifungu kilianza kwa maneno ya kupendeza: isipokuwa kwa ridhaa yake mwenyewe, mtu asipekuliwe mwili wala mali yake, wala watu wengine wasiingie mahali pake. Huo ulikuwa mlango wa mbele, nao ulikuwa wa mbao ngumu.

Lakini chini yake kilifuata kijifungu kingine kilichofungua milango ya nyuma. Kinga hiyo haikuzuia sheria yoyote iliyotungwa kwa ajili ya ulinzi wa nchi, usalama wa raia, utulivu, maadili, afya, mipango ya miji, hata uchimbaji wa madini. Sheria hizo zilitakiwa ziwe za kukubalika katika nchi ya kidemokrasia. Lakini ni nani angelipima hilo katika nchi ya chama kimoja? Na juu ya yote hayo palikuwa na sheria ya usalama wa umma, iliyomruhusu mtawala kumweka mtu kizuizini bila mashtaka. Mtu asiyefikishwa mahakamani hana mahali pa kuuliza kama nyumba yake ilipekuliwa kwa haki.

Mwisho wa Desemba 1977, usiku, polisi walifika nyumbani kwa mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o huko Limuru. Wakapekua maktaba yake, wakachukua vitabu, wakamchukua na mwenye vitabu. Hakushtakiwa kwa kosa lolote. Aliwekwa kizuizini akakaa huko hadi Desemba 1978. Katika miaka ya themanini, wakati wa msako wa watu walioshukiwa kuwa wa Mwakenya, kitabu katika rafu au karatasi chini ya godoro vilitosha kumpeleka mtu kwenye vyumba vya chini vya Jumba la Nyayo.

Na aliyejaribu kuitumia Katiba je? Wakili Gibson Kamau Kuria aliwekwa kizuizini mwaka 1987 alipokuwa akiwatetea watu waliolalamika kwamba waliteswa. Pasipoti yake ikachukuliwa. Mwaka 1988, akiwa ametunukiwa tuzo ya haki za binadamu huko Marekani na hawezi kusafiri kuipokea, alikwenda mahakamani kudai arudishiwe. Akajibiwa kwamba Katiba inasema Jaji Mkuu atatunga kanuni za kufungulia mashauri ya namna hiyo, kanuni hazijatungwa, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kumsikiliza. Jibu kama hilo lilitolewa tena katika kesi nyingine mwaka 1989. Yaani haki zote zilizoandikwa tangu uhuru zilifungiwa kabatini, na aliyetakiwa kutengeneza ufunguo alikuwa ni mahakama yenyewe!

Kifungu cha 2A cha chama kimoja kiliondolewa Desemba 1991, lakini misako haikukoma. Mwaka 1993 polisi walivamia kiwanda cha uchapaji cha Fotoform, Nairobi, kilichochapa majarida yaliyoikosoa serikali, wakang'oa sehemu za mitambo. Sheria za uchochezi, zilizokuwa kisingizio cha misako mingi ya magazeti, ziliondolewa mwaka 1997.

Sisi tuliokuwa tukigawa karatasi za mageuzi miaka hiyo tunakumbuka. Mwenzetu mmoja alipekuliwa alfajiri na watu waliosema ni askari kanzu. Hawakuonyesha karatasi yoyote. Walikuja kutafuta toleo moja la jarida, wasilipate, lakini wakaondoka na taipureta ya mkewe, aliyokuwa akiitumia kupigia watu barua za maombi ya kazi na kulipia karo ya watoto. Hakupewa risiti. Alipokwenda kuuliza katika kituo alichoambiwa, akajibiwa kwamba hakuna taipureta iliyoandikwa katika kitabu cha matukio, na kisichoandikwa hakikuletwa. Mama yule hakuiona tena. Watu huzungumza juu ya wafungwa wa siasa, nao wanastahili kukumbukwa; sisi tunaomba ikumbukwe na ile taipureta, kwa sababu nyumba nyingi za nchi hii zilifukarishwa kwa njia hiyo bila mtu yeyote kufungwa.

Na msidhani mambo hayo yalikwisha na karne. Tarehe 2 Machi 2006, chini ya serikali iliyoingia kwa kura za mageuzi, polisi waliofunika nyuso waliingia usiku katika studio za KTN na kiwanda cha gazeti la Standard. Magazeti yakachomwa moto, matangazo yakazimwa. Waziri wa usalama wa wakati huo, John Michuki, alisema kwamba anayemchokoza nyoka ajitayarishe kuumwa. Kampuni ilikwenda mahakamani, na mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zake zilivunjwa. Miaka saba ilipita, lakini jibu lilipatikana, na safari hii hakuna aliyesema ufunguo wa kabati haujatengenezwa.

Katiba ya 2010 inasema nini

Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 inalishughulikia jambo hili katika kifungu cha 31. Kila mtu anayo haki ya faragha, na haki hiyo ina sehemu nne: asipekuliwe mwili, nyumba au mali yake; vitu vyake visitwaliwe; habari za jamaa yake na mambo yake ya ndani zisidaiwe au kufichuliwa bila sababu; na mawasiliano yake yasiingiliwe. Ile orodha ndefu ya milango ya nyuma haimo tena katika kifungu hicho.

Haki hii si ya mwisho kabisa. Inaweza kuwekewa mipaka, lakini kwa masharti ya kifungu cha 24: mpaka uwekwe na sheria, uwe wa kiasi, uwe na sababu inayokubalika katika jamii huru ya kidemokrasia, na isiwepo njia nyepesi zaidi ya kulifikia lengo lile lile. Tena mzigo wa kuthibitisha hayo uko juu ya serikali. Raia hatakiwi kueleza kwa nini anataka faragha. Ni anayetaka kuingia atakayeeleza kwa nini aingie.

Kisha kuna kifungu cha 50, kijifungu cha 4, ambacho tungependa kila mtu akihifadhi kichwani kama namba ya kitambulisho chake. Kinasema kwamba ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki yoyote ya msingi utakataliwa, iwapo kuupokea kutaifanya kesi isiwe ya haki, au kutaudhuru utoaji wa haki kwa namna nyingine. Ndugu zetu, hilo ndilo jibu kwa kesi ya Kuruma, lililochukua miaka hamsini na sita kufika. Mahakama leo inapaswa kuuliza ulipatikana kwa njia gani.

Tusijidanganye kwamba kila kosa la polisi humfungulia mshtakiwa mlango wa kwenda nyumbani. Katiba imeweka yale masharti mawili, na jaji atapima: kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, lilikuwa la makusudi au la bahati mbaya. Lakini angalieni mahali kanuni hii ilipowekwa. Imewekwa ndani ya haki ya kusikilizwa kwa haki, ambayo kwa kifungu cha 25 ni miongoni mwa haki chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Faragha yaweza kupunguzwa; haki ya kesi haipunguzwi. Kwa hiyo mlango uliovunjwa bila haki una mtetezi mahakamani hata pale serikali itakapolia kwamba nchi iko hatarini.

Upekuzi halali unavyokwenda

Sheria ya mwenendo wa mashauri ya jinai, katika kifungu cha 118, inataka mambo haya. Kwanza, afisa aende mbele ya mahakama na kuthibitisha kwa kiapo kwamba kuna kitu kinachohusiana na kosa, au kinachohitajika katika uchunguzi wa kosa, na kwamba kinashukiwa kwa sababu za maana kuwa mahali fulani. Pili, mahakama ikiridhika itoe hati kwa maandishi, ikitaja ni nani apekue, apekue wapi, atafute nini. Tatu, kwa kifungu cha 119, upekuzi ufanywe kati ya kuchomoza kwa jua na kutua kwake, ila mahakama iwe imeruhusu saa nyingine.

Ni kwa nini hakimu awepo katikati? Kwa sababu afisa anayemsaka mhalifu ana bidii, na bidii si kipimo kizuri cha haki. Hakimu hana mtu anayemsaka. Yeye huuliza: umejuaje? Mbona nyumba hii na si ile? Hati isiyotaja nyumba wala kitu ni ruhusa ya kutanga mtaani, nayo haistahili jina la hati. Mwezi wa Aprili 2014, baada ya mashambulio ya kigaidi, polisi walifanya msako wa nyumba kwa nyumba katika mtaa wa Eastleigh na kwingineko, na watu kwa maelfu wakakamatwa, wengi wakipelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Ugaidi ulikuwa wa kweli, na waliouawa walikuwa watu wetu. Lakini kushuku kabila zima au mtaa mzima ni kutomshuku mtu yeyote hasa. Na hivyo ndivyo wakoloni walivyofanya Nairobi Aprili 1954, walipoizingira na kuzoa watu zaidi ya elfu ishirini.

Mwenye nyumba naye ana wajibu. Akionyeshwa hati halali, sheria inamtaka afungue na kuruhusu kazi ifanyike. Akikataa, polisi wanaweza kuvunja. Mwanamke akihitaji kupekuliwa mwilini, apekuliwe na mwanamke, kwa kuzingatia heshima yake. Na vitu vilivyotwaliwa haviwi mali ya kituo. Kifungu cha 121 kinavitaka vifikishwe mahakamani, vitunzwe visiharibike, na visipohitajika tena virudishwe kwa aliyechukuliwa.

Pale hati isipohitajika

Tungekuwa waongo kama tungesema polisi hawezi kamwe kuingia bila hati. Anayemfukuza mwizi wa ng'ombe hawezi kumwomba mwizi asubiri mpaka mahakama ifunguliwe Jumatatu. Polisi anaweza kusimamisha gari au mtu na kumpekua akiwa na sababu ya kushuku kwamba amebeba mali ya wizi. Na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika kifungu cha 60, inamruhusu mkuu wa kituo au mpelelezi kuingia bila hati, ikiwa kungoja hati kutaharibu uchunguzi.

Lakini ruhusa hiyo ina kamba. Kabla ya kuingia, afisa aandike sababu zake na kitu anachokitafuta. Aonyeshe kitambulisho chake cha kazi. Nakala ya maandishi hayo ipelekwe mara moja kwa hakimu aliye karibu, na mwenye nyumba akiiomba apewe bila malipo. Je, ni wangapi kati yenu mliopekuliwa mliwahi kuiomba nakala hiyo? Mikono hatuioni. Hatuwalaumu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ipo.

Na kuna neno ridhaa. Mtu akikubali mwenyewe apekuliwe, hawezi kulalamika baadaye. Polisi wanalijua hilo, na ndiyo sababu wengine huuliza kwa sauti ya upole, "Mzee, si unatukubalia tuangalie tu?" Ridhaa ya mtu aliyezungukwa na bunduki saa tisa za usiku, watoto wakilia, si ridhaa, ni woga uliovaa nguo ya adabu. Unaweza kusema, bila matusi na bila kusukumana, "Mimi sizuii kazi yenu, lakini sijakubali." Semeni maneno hayo mbele ya jirani, kwa sababu siku moja mahakama itauliza.

Rafu ya vitabu iliyo mfukoni

Zamani waliotaka kujua mawazo ya mtu walibeba vitabu vyake. Leo wanamwomba simu. Humo mna barua zake, picha za jamaa, hesabu za fedha, majina ya rafiki zake wote na mahali alipolala. Maktaba ya Limuru ingeingia ndani yake mara mia. Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, katika kifungu cha 48, inamtaka afisa aombe hati mahakamani ili apekue na kutwaa yaliyohifadhiwa katika chombo cha namna hiyo. Kukamatwa barabarani, hata kwa haki, hakumlazimishi mtu kumfungulia askari simu yake papo hapo.

Tunalisema hili kwa sababu ya vijana wetu. Baada ya maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, walikuwapo waliochukuliwa na watu wasiojitambulisha, wasionyeshe hati, wakaenda nao mahali pasipojulikana. Anayemchukua mtu kwa njia hiyo huichukua na simu yake, na kwa simu hiyo huwajua wote atakaowafuata kesho. Kwa hiyo faragha ya mmoja ni kinga ya wengi.

Tufanye nini

Kwanza, tuisome hati. Tutazame mambo matatu: imetolewa na mahakama gani na kutiwa sahihi, imetaja nyumba hii, imetaja kitu gani. Ikiwa ni usiku, tutazame kama usiku umeruhusiwa.

Pili, tuulize jina, namba ya kazi na kituo. Tuandike, au tumwambie mtoto aandike.

Tatu, tuite shahidi: jirani, mzee wa mtaa, mchungaji, imamu, yeyote aliye karibu. Tufuatane na mpekuzi kila chumba.

Nne, tudai orodha ya kila kilichochukuliwa, ikiwa na sahihi za pande zote mbili. Tusiandike "karatasi" bali karatasi ngapi. Tusiandike "simu" bali simu ya aina gani. Tusitie sahihi orodha yenye kitu tusichokiona kikitoka kwetu. Kuruma hakuwa na orodha, alikuwa na neno lake tu dhidi ya neno la askari. Yule mama naye hakuwa na orodha, na taipureta ikawa haikuwahi kuwapo.

Tano, tusipigane. Mlango uliovunjwa hutengenezwa. Aliyepigwa risasi harudi. Mapambano ya upekuzi hushindwa au kushindiwa mahakamani.

Sita, tulalamike. Ipo Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ipo pia Mahakama Kuu. Kifungu cha 22 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani haki yake inapovunjwa, wala hatozwi ada ya kufungua shauri hilo. Kanuni za mwaka 2013 zinaruhusu hata barua iliyoandikwa kwa mkono, ikieleza kilichotokea. Kumbukeni Kuria na pasipoti yake: alifukuzwa mlangoni kwa sababu kanuni hazikuwapo. Leo zipo. Litakuwa jambo la aibu kama waliotupigania tupate ufunguo watatukuta tumeutundika ukutani.

Ndugu wananchi, wapo watakaosema kwamba haya yote ni kuwatetea wahalifu. Tunawajibu kwamba polisi anayefuata sheria humfunga mhalifu kwa ushahidi usiotikisika, na polisi anayeivunja humwachia mhalifu tundu la kutokea. Mwenye ng'ombe aliyeibiwa anahitaji upekuzi halali kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye atakayepoteza kesi mahakama ikiukataa ushahidi. Afisa mwaminifu naye analindwa na hati, maana hakuna atakayeweza kumsingizia kwamba alikwenda kuiba.

Desturi ya hodi haikumvunjia mtu heshima kamwe. Humheshimu aliye ndani na aliye nje pia. Polisi wa nchi huru hana sababu ya kuona haya kusema hodi. Naye raia wa nchi huru, akiiona hati iliyotimia, hana sababu ya kukataa kusema karibu.